Uhuru wa kiuchumi na tija ya mfanyakazi: mbona tunachapa kazi kutwa na bado tunaitwa wavivu?

Fundi_Msimamizi (Nyakato, Mwanza):

Wakuu salama? Nina swali na naomba tusiligeuze la vyama vya siasa, mada zetu nyingi huwa zinafia hapo.

Mimi nasimamia karakana ya mageti na madirisha hapa Nyakato. Jana kijiweni kwenye kahawa kuna jamaa mmoja msomi msomi hivi akatoa simu akatuonyesha ile orodha ya uhuru wa kiuchumi inayotolewa na Fraser Institute ya Kanada, juu huko wapo Hong Kong na Singapore, chini kabisa Venezuela na Zimbabwe. Akasema wanapima mambo matano: serikali imejitanua kiasi gani, sheria na ulinzi wa mali ukoje, pesa inashika thamani au inayeyuka, kama mnafanya biashara na nje bila vikwazo, na kanuni za mikopo, ajira na biashara zinabana kiasi gani. Akamalizia kwamba mfanyakazi wa nchi zetu anazalisha kidogo kwa sababu huo uhuru hana, fungueni kila kitu tija itapanda yenyewe. Mzee mmoja pembeni akadakia kwamba hizo ni ngonjera, Mswahili ni mvivu tu hata umpe uhuru wa malaika.

Mimi wote wawili hawakuniingia. Kuna fundi nilikuwa naye hapa akaenda Afrika Kusini, mikono ileile, darasa la saba lilelile, huko anatoa kazi mara kadhaa ya aliyokuwa anatoa hapa. Hapa alikuwa anafika saa moja asubuhi, umeme hakuna. Umeme umerudi, diski ya kukatia imeisha, diski zipo stoo, funguo ya stoo anayo bosi, bosi yuko msibani Sengerema. Bosi karudi, mteja wa geti hajaleta advansi na bosi haanzi kazi bila advansi maana ameshaliwa sana na watu na hakuna pa kumpeleka mdaiwa ukapata jibu haraka. Mkianza sasa, wanaingia wakaguzi, na hawa wa leo sio wale wa wiki iliyopita, bosi anatoka nao nje wanaongea weee huku sisi tumesimama na grinda mkononi. Jioni ukiangalia alichotoa fundi ni fremu moja ya dirisha. Kwenye makaratasi ya wachumi huyo ana tija ndogo. Sasa uvivu uko wapi hapo?

Kwa iyo naomba kueleweshwa, huo uhuru wa kiuchumi unamfikiaje mtu anayeshika grinda? Na zile nchi zilizofunguka, kweli wafanyakazi wao walianza kutoa zaidi au ni mashine tu zilikuja? Wenye mifano ya huku kwetu Kanda ya Ziwa ndo nawataka zaidi.

Chapakazi:

Tatizo letu uvivu na simu. Mtu saa nne yuko kwenye mikeka ya kubeti mpira. Funga simu zao uone tija.

Karani_Mstaafu (Magu):

Mwanangu Fundi, nitakujibu kwa pamba maana ndiyo niliyoishi nayo, nimekuwa karani wa chama cha msingi kisha karani wa jinari, yaani kiwanda cha kutenganisha nyuzi za pamba na mbegu, mizani ya pande zote mbili nimeishika.

Watu wanadhani habari za uhuru wa kiuchumi huku zilianza na soko huria. Hapana. Wakulima wa huku miaka ya 50 walikuwa wanapunjwa kwenye mizani na wanunuzi, wakadai kupima pamba yao wenyewe, ndipo kina Paul Bomani wakaunganisha vyama ikazaliwa VFCU (Victoria Federation of Co-operative Unions) mwaka 1955, ikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika nzima, ina jinari zake yenyewe. Mkulima alipojua mizani sio ya adui akaongeza shamba. Hakuna aliyemletea trekta. Jembe lilelile na plau ya ng'ombe.

Halafu 1976 vyama vikuu vikavunjwa nchi nzima, pamba ikawa inanunuliwa na mamlaka ya zao, bei inapangwa mbali, hela inachelewa, unaambiwa subiri unasubiri na pamba umeshaitoa. Mkulima hakuandamana. Alipunguza pamba taratibu akahamishia nguvu kwenye mpunga na mahindi ambayo anaweza kumuuzia anayemtaka. Afisa anayekuja kuangalia shamba la pamba anaona magugu anaandika mkulima mzembe, kumbe huyo mzembe yuko majarubani tangu alfajiri maji yamemfika magotini. Kwa iyo hapo yule msomi wako wa kahawa yuko sahihi, nusu.

Nusu nyingine ndiyo hii. Vyama vikuu vikarudi 1984, huku kwetu kikaitwa Nyanza, kule Shinyanga Shirecu, na mwaka 1994 soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia na jinari zao. Mwanzoni raha, hela mkononi, mizani kila kona ya barabara. Lakini zamani mkulima alikuwa anachambua nyumbani, pamba safi huku na fifi, ile ya daraja la chini, huku, akinamama na watoto wanakaa uani wanatenga, na kwenye kituo karani anachomeka mkono mpaka katikati ya gunia anachomoa kiganja anaangalia, ukichanganya unarudishiwa. Baada ya kufungua, mnunuzi ana haraka mwenzake asimuwahi, ananunua yote bei moja. Sasa wewe utakaa unatenga fifi kwa faida ipi? Watu wakaacha kutenga, wengine wakaanza kumwagia maji iwe nzito, wengine mchanga. Pamba yetu ikashuka jina huko nje.

Na pembejeo ndo balaa kabisa. Zamani chama kilikukopesha dawa ya kuua wadudu, ukiuza wanakata. Soko likishakuwa huru, aliyekukopesha dawa ni huyu, unaenda kumuuzia yule anayelipa shilingi mbili zaidi na hana anachokudai. Msimu unaofuata hakuna mpumbavu wa kukopesha. Bila dawa funza wanakula vitumba, mtu amelima amepalilia amevunja mgongo uleule, kilo anazopata ni chache. Hiyo ndiyo tija kushuka, na imeshuka ndani ya uhuru. Mpaka ikabidi baadaye ubuniwe utaratibu wa pasibuku, kila kilo ukiuza kuna makato yanaandikwa kwenye kitabu chako unachukulia dawa msimu ujao. Ulisaidia, ingawa nao ulikuwa na wajanja wake, hilo tuliache.

Ninachosema, uhuru wa kuuza peke yake hautoshi kama hakuna kitu kinachomfanya anayekukopesha aamini atalipwa. Na ule wa zamani wa kuaminiwa bila uhuru wa kuuza nao ulitutoa damu. Vinataka viende pamoja.

Mama_Vichanja (Igombe):

Karani shikamoo, umeongea kitu kizito. Wewe Chapakazi njoo Igombe asubuhi moja tu useme habari zako za uvivu mbele ya wanawake wa dagaa, utatoka na ndoo kichwani.

Mimi naongezea upande wa ziwani. Dagaa ukiwaanika kwenye mchanga wanakauka na mchanga wao, mvua ikinyesha wameoza, na bei yake ni ya chakula cha kuku. Ukiwaanika kwenye chanja, zile za mbao na nyavu zimenyanyuliwa juu ya ardhi, wanakauka haraka, wasafi, wanunuzi wa Kongo wanakuja kukuangalia wewe kwanza pale Kirumba Mwaloni. Mwanamke mmoja, mikono miwili, ndoo zilezile, hela tofauti kabisa. Kila mtu pwani anajua. Sasa kwa nini wengi bado wanaanika chini?

Ukiuliza watu wa semina watakwambia elimu. Semina tumekaa, soda tumekunywa. Ukweli ni kwamba pale unapoanika sio pako. Leo unaambiwa anika hapa, mwakani mwalo unapangwa upya, au mwenye eneo kapata mtu wa kujenga gesti, unahamishwa na chanja zako zinang'olewa mbao zinakuwa kuni. Mimi nilijenga baada ya kupata makaratasi ya kukodi kwa miaka, yaliyogongwa mhuri yakasainiwa na mashahidi, kabla ya hapo nilikuwa naanika chini kama wenzangu na nilijua fika napoteza.

Sangara ndo usiseme. Mwenye boti anapewa nyavu na injini na wakala, kwa mkopo, masharti yake ni samaki wote unampelekea yeye na bei anasema yeye. Sokoni pembeni wananunua juu zaidi, wewe unapita na samaki wako kichwa chini. Deni haliishi maana nyavu zinaibiwa ziwani au zinachakaa unachukua nyingine. Huyo mwenye boti ni mfanyabiashara kwa jina tu. Na vijana wa boti wanalipwa mgao baada ya kutoa mafuta na chakula, wakiona bei ya wakala iko chini mgao nao unakuwa wa kichefuchefu, unategemea waamke usiku wa manane wakatege kwa moyo? Kuna anayekula advansi ya tajiri huyu kesho kutwa amehamia kisiwa kingine, yuko Goziba huko na simu kazima. Matajiri nao wakaacha kutoa advansi kwa vijana wasiowajua, wanachukua watoto wa ndugu hata kama hawajui kutega. Haya, hapo tija itatoka wapi?

Chapakazi:

Mama sijasema nyie. Nimesema vijana wa mjini.

Winga_wa_Makoroboi:

Vijana wa mjini ndo sisi machinga. 2016 tulifukuzwa mjini hapa, Rais Magufuli akaagiza tuachwe, tukarudi. 2018 mwishoni vikatoka vitambulisho vya elfu 20 kwa sisi wa mauzo chini ya milioni 4 kwa mwaka, tukalipia tukatulia. 2021 nchi nzima tukapangwa upya, ukahama. Nisaidie Chapakazi, meza ya mbao mbovu nayouzia nikaibadilishe niweke kabati la kioo na friji ya juisi? Nikiambiwa toa kesho friji nabeba mgongoni? Nauza vitu vya kukimbia navyo. Ndo maana kutwa nzima natembea na soksi kumi na mbili nikiuza nane nashukuru.

Nyamanoro_Uchumi:

Hii mada tamu, nasoma uchumi kwa iyo mniwie radhi nikiwa mrefu.

Swali la Fundi la pili, kwamba zilizofunguka walianza kutoa zaidi au mashine zilikuja. Mfano unaotajwa sana ni Uchina. Kijiji cha Xiaogang mkoa wa Anhui, mwisho wa mwaka 1978, wakulima 18 waliweka alama za vidole kwenye karatasi ya siri wakagawana mashamba ya kijiji, kila kaya inapeleka fungu la serikali na inayobaki ni yake. Ilikuwa hatari, wangeweza kufungwa, mpaka wakaandikiana kwamba akikamatwa mmoja wenzake watamlelea watoto. Baadaye utaratibu ukaruhusiwa nchi nzima. Mavuno ya nafaka yakatoka kama tani milioni 305 mwaka 1978 hadi milioni 407 mwaka 1984. Miaka sita. Mchumi Justin Yifu Lin alikokotoa akaona karibu nusu ya ukuaji wa kilimo kipindi hicho ulitokana na huo ugawaji wa mashamba kwa kaya. Sehemu nyingine ni mbolea, pia serikali ilipandisha bei ya kununulia. Kwa iyo jibu ni vyote viwili, lakini watu walewale kwenye ardhi ileile walibadilika.

Sasa angalieni kitu. Ardhi haikuuzwa. Mpaka leo shamba la kijijini Uchina ni mali ya kijiji. Ungewapima Wachina wa 1984 kwa yale mambo matano wangepata alama za aibu. Walichopata ni uhakika mmoja tu, kwamba jasho la ziada ni langu. Hicho ndo mama wa chanja amepata kwenye karatasi lake la kukodi.

Peru nako kuna funzo. Yule mchumi wao Hernando de Soto, ambaye hata MKURABITA yetu ya 2004, ule mpango wa kurasimisha mali na biashara za wanyonge, ilitokana na mawazo yake, alisema maskini wakipewa hati watakopa benki na kufungua viwanda. Serikali ya Peru ikagawa hati mijini kwa zaidi ya kaya milioni. Mtafiti Erica Field akafuatilia. Mikopo ya benki binafsi haikuongezeka kivile. Kilichoongezeka ni masaa ya watu kufanya kazi nje ya nyumba! Kumbe bila hati lazima mtu mzima abaki nyumbani kulinda kiwanja kisivamiwe. Na watoto walipungua kufanya kazi. Wale wa kwenye miinuko ya hapa Mwanza waliorasimishiwa makazi wataelewa, unajenga kwenye jiwe lakini bado mtu anakuja na ramani anasema ni pake.

La tatu ndo linamhusu Fundi moja kwa moja. Kuna jaribio lilifanyika kwenye viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India, kina Nicholas Bloom. Viwanda vingine wakavipa washauri wa menejimenti bure, vitu vya kawaida kabisa, panga stoo, andika mashine imeharibika lini na kwa nini, safisha sakafu, weka malengo. Tija ikapanda asilimia 17 mwaka wa kwanza. Wafanyakazi walewale. Swali likaja, kama ni rahisi hivyo kwa nini wenyewe hawakufanya siku zote? Moja ya majibu, ushindani haukuwa mkali, ushuru wa bidhaa za nje ulikuwa unawakinga. Jingine, wenye viwanda hawakuwaamini mameneja wasio ndugu. Meneja akiiba mahakama zinachukua miaka. Kwa iyo kiwanda kinakua mpaka pale idadi ya ndugu wa kiume inapoishia, basi, na maamuzi yote yanamsubiri mwenye mali.

Fundi, funguo za stoo za bosi wako nimeziona India.

Fundi_Msimamizi:

Daaah. Nyamanoro umenimaliza. Bosi ana mdogo wake anafanya bodaboda, anasemaga akimaliza mkopo wa pikipiki ndo atamweka stoo. Sio kwamba mimi haniamini, nimekaa naye miaka, lakini aliwahi kumwamini mtu kabla yangu akaondoka na mashine ya kuchomelea, kesi ikaenda ikarudi ikaenda, mwisho akaacha mwenyewe maana kila siku ya kesi karakana imefungwa. Huyo mwizi mmoja tunamlipia sote mpaka leo.

Kibarua_Halali:

Mnaongea vizuri ila naona uhuru mnaouongelea wote ni wa mwenye mali. Mwenye boti, mwenye chanja, mwenye karakana. Mwenye mikono je?

Kwenye hiyo orodha ya Wakanada, ajira kuwa huru maana yake kwa sehemu kubwa ni mwajiri kuajiri na kuachisha bila kubanwa. Sawa, nimefanya kibarua kwenye kiwanda fulani cha samaki, sitakitaja. Asubuhi mnasimama getini, anatoka mtu anachagua wewe na wewe na wewe, waliobaki kesho. Huo uhuru wa mwajiri ni asilimia mia. Unajua matokeo yake? Hakuna anayekufundisha. Kuchuna minofu ya sangara sio mchezo, kisu kikipita juu sana unaacha nyama kwenye mfupa, kikipita chini unatoboa, mkono mzuri unachukua muda kupatikana. Msimamizi anajua kesho unaweza usichaguliwe, akufundishe ili iweje? Na wewe unajua kesho unaweza usichaguliwe, ujitume ili iweje? Nyama inabaki kwenye mapanki, ile mifupa inayotupwa baada ya minofu kutolewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ipo tangu 2004, lakini pale getini sheria haijawahi kuchaguliwa.

Tena kuna uhuru mwingine, wa kukataa. Bangladesh Aprili 2013 jengo la Rana Plaza lilitoa nyufa siku moja kabla, benki iliyokuwa humo ikaondoa watu wake, maduka yakafungwa. Mafundi cherehani wakaambiwa rudini kazini. Walikuwa hawataki, wanazijua nyufa, lakini ukikataa mshahara wa mwezi unakwenda na chama cha kukusemea huna. Zaidi ya watu 1,100 wakafa. Nchi ilikuwa inasifiwa kwa kuuza nguo nje. Kwa iyo msomi wa kahawa akisema fungua kila kitu, muulizeni na mlango wa kutokea mfanyakazi umo kwenye hivyo vya kufungua?

Nyamanoro_Uchumi:

Kibarua hapo sikupingi. Hata hao wanaotengeneza orodha ukiwauliza watakwambia kazi ya kulazimishwa sio uhuru, ila alama zao hazioni getini kwa samaki.

Na Korea Kusini inawachanganya sana watu wa pande zote. Miaka ya 60 na 70 chini ya Park Chung-hee serikali ilishika benki, inaamua nani apewe mkopo, vyama vya wafanyakazi vimebanwa kwelikweli, na bado tija ilipanda kwa kasi. Wanaopenda serikali wanasema mnaona. Wanaopenda soko nao wanasema subiri, waliopewa mikopo walikuwa lazima wauze nje washindane na dunia, ukishindwa unakatiwa, na mali yako hainyang'anywi ovyo. Mimi naona jirani yao wa kaskazini ndo jibu la chini kabisa, watu wale wale, lugha ile ile, walipoanza viwanda vizito vilikuwa kaskazini. Kunyima kila uhuru kunaua. Kuongeza kila uhuru kunaleta nini, hapo ndo ugomvi ulipo.

Dereva_wa_Kigongo:

Mimi sijasoma uchumi ila nina lori. Miaka yote napakia mahindi na mihogo Sengerema, nafika Busisi nasubiri kivuko, foleni, wengine wanalala pale. Mihogo mibichi haitaki kulala. Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi likafunguliwa, kilomita tatu, unapita kwa dakika chache. Mimi ni dereva yuleyule, lori lilelile, leseni ileile, sijaongezewa uhuru wowote wala sijaacha uvivu, na safari zangu kwa wiki zimeongezeka. Hilo daraja limejengwa na serikali. Sasa kwenye hayo mambo matano, serikali kujitanua si ndo inapunguza alama?

Nyamanoro_Uchumi:

😂 Dereva umeuliza swali la mtihani. Ndiyo, matumizi makubwa ya serikali yanapunguza alama kwenye fungu hilo. Na umeme pia, Bwawa la Nyerere megawati 2,115 ni la serikali, na Fundi bila umeme grinda ni pambo. Mimi hapo ndo huwa sikubaliani na wanaoijumlisha ile orodha kuwa namba moja. Fungu la sheria na mali na lile la pesa kushika thamani ndo naona lina nguvu kwa nchi kama zetu. La ukubwa wa serikali linategemea hela imefanya nini.

Mama_Vichanja:

Hela kushika thamani watoto hamuelewi. Sie tuliofanya biashara miaka ya 80 tunaelewa. Ulikuwa huwezi kuweka akiba, unanunua sukari na sabuni unaficha uvunguni, na 1983 ukikutwa navyo ni mhujumu uchumi. Mtu anashinda foleni ya duka la kaya siku nzima badala ya kwenda shamba. Hayo masaa ya foleni nani aliyahesabu? Mzee Mwinyi alipoingia akaruhusu, sabuni zikaonekana, watu wakarudi kufanya kazi.

Karani_Mstaafu:

Kweli kabisa mama. Ila mwanangu Fundi turudi kwako, mambo ya mahakama huwezi kuyarekebisha wewe. Kwenye jinari stoo ya vipuri ilikuwa na daftari, kila kifaa kinasainiwa na wawili, anayetoa na anayepokea, na mkanda wa mashine ulioisha unarudishwa ndo unapewa mpya. Mwambie bosi akabidhi kwanza vitu vidogo vinavyoisha, diski, vijiti vya kuchomelea, msasa, kwa daftari la namna hiyo, mashine kubwa abaki nazo mwenyewe. Kinachowasimamisha ninyi kila siku ni diski ya elfu chache.

Fundi_Msimamizi:

Hilo la kurudisha diski iliyoisha ndo upewe mpya bosi atalipenda, anapendaga ushahidi. Ntampelekea. Asanteni wakuu, ila mada iendelee.

Chapakazi:

Mada iendelee basi na mimi niseme la maana kabla mama hajanitwisha ndoo. Nyumbani kwetu Kwimba tunalima dengu na choroko. Zamani mnunuzi anakuja mlangoni na hela, mnaelewana. Sasa lazima stakabadhi ghalani, unapeleka ghalani kupitia chama, unasubiri mnada. Karani unapenda mizani ya chama, hii nayo unaitetea? Maana huku ni kunyimwa uhuru wa kuuza mchana kweupe.

Karani_Mstaafu:

Naitetea kwa bei na naipinga kwa lazima. Kwenye mnada wanunuzi wanashindana kwa uwazi, mlangoni kwako mnunuzi alikuwa mmoja na kipimo chake cha sado iliyobonyezwa, kwa iyo usinidanganye kwamba kule ulikuwa huru sana. Lakini kingeachwa kishindane, anayetaka mnada aende na anayetaka mlangoni auze, chama kingelazimika kulipa haraka ili kupata mzigo.

Chapakazi:

Mzee bei ya mnada nakubali ilikuwa juu. Shida ni siku za kusubiri. Bi mkubwa alihitaji ada ya mtoto na hela ya kulimiwa na plau, akaenda kwa watu wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kubwa, akakopa akiwa na magunia yake yapo ghalani. Riba ikala ile tofauti ya bei, na ng'ombe wa kulimia wakawahiwa na wengine, akapanda amechelewa.

Mama_Vichanja:

Hapo sasa umeongea. Huyo mama yako mvivu au sio mvivu?

Chapakazi:

Mama basi bana. Sio mvivu.

Winga_wa_Makoroboi:

Kuna chama kimoja nasikia kinatoa malipo ya awali mzigo ukishapokelewa ghalani, kingine mnada ukipita. Mwenye uhakika wa Kwimba au Misungwi aseme ni chama gani, mjomba wangu ana choroko gunia kumi na hajaamua apeleke wapi.